Baiskeli ya Sebuleni

Iko nchi moja, na naomba mtu asinibane kuniuliza iko upande gani, maana mwenyewe nimesimuliwa tu na sina ugomvi na serikali yoyote. Inaitwa Tulizana. Watu wake ni kama watu wengine: wanaamka, wanalalamika kidogo, wanafungua redio, wanaacha kulalamika. Kiongozi wao haitwi rais wala mfalme. Anaitwa Mlinzi Mkuu, kwa sababu kazi yake ni kuwalinda, na anawalinda kwelikweli, hata wale ambao hawakumwomba.

Siku moja Mlinzi Mkuu alisafiri ng'ambo kung'oa jino, kwa kuwa koleo za Tulizana hazina hadhi ya jino lake. Daktari wa huko akamkaribisha chai nyumbani kwake. Mlinzi Mkuu, mdomo ukiwa bado na ganzi, akaangusha kikombe kikavunjika. Akataka kuomba radhi, daktari akacheka tu, akamwambia asijali, kikombe kina bima, kila kitu humu ndani kina bima, hata hilo zulia unalolikanyaga. Inasemekana Mlinzi Mkuu alilia. Wapo waliosema kilichomliza ni jino, lakini hao wako ndani mpaka leo, kwa hiyo tukubaliane kwamba alilia kwa kuwaonea huruma wananchi wake.

Aliporudi akalihutubia taifa. "Wananchi wangu," alisema, "nimeona nchi ambayo kikombe kina mtetezi. Je, kikombe cha Tulizana ni yatima?" Wimbo wa taifa ulipokwisha kupigwa, ilikwisha kuwa sheria: kila kilichomo ndani ya kila nyumba kiwe na Bima ya Vyombo vya Nyumbani. Na kwa kuwa serikali ile haipendi mambo nusunusu, sheria ikaongeza kwamba kitu kisicho na bima hakipo. Kikionekana barabarani, askari wakiondoe upesi, raia wasije wakashtuka kuona kitu ambacho hakipo.

Mwanaheri aliyasikia hayo akiwa anamkanda mumewe kifua kwa mafuta. Mumewe, Shaibu, alikuwa zamani mpiga tarumbeta wa bendi ya mji, mtu aliyeweza kuishika sauti moja mpaka wasikilizaji wakaanza kumhofia. Sasa pumzi ilikuwa imemkimbia. Kila Alhamisi ilibidi apigwe sindano ya kifua katika hospitali iliyo ng'ambo ya daraja. Akiipata, wiki nzima alikuwa mtu wa kubishana na kudai chumvi. Akiikosa, siku ya pili tu alivuta hewa kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija.

Na wa kumpeleka alikuwa mkewe, kwa baiskeli. Baiskeli yenyewe ilikuwa kuukuu, imepita mikono ya mwalimu, ya muuza samaki, na ya mtu mmoja aliyehama mtaa bila kuaga. Mwanaheri alifunga mto kwenye karia, akampakia mumewe nyuma, naye Shaibu hakuacha kumwelekeza njia nzima. Shika kushoto. Kuna shimo. Mbona unakwenda kama unayekwenda kuhukumiwa? Mwanaheri alimjibu kwa kukanyaga pedali tu. Lakini moyoni alizipenda zile kelele, maana mtu mwenye pumzi za kumkaripia mkewe ana pumzi.

"Hiyo bima itagusa na baiskeli?" aliuliza siku ile, mkono ukiwa bado kifuani kwa Shaibu.

"Baiskeli ni chombo cha barabarani," Shaibu akasema. "Wao wanataka vikombe."

Ndivyo walivyojidanganya.

Shirika la Bima lilikaa kikao kirefu, na wajumbe walikula kuku wengi, kuhusu jambo hilohilo. Baiskeli mpya haikuwa na shida, ni chombo cha barabarani, ina bima yake, na wenyewe wanajulikana, ni watoto wa mawaziri. Shida ilikuwa baiskeli zilizotumika, nazo ndizo nchi nzima ilizokuwa nazo. Mjumbe mmoja, mtaalamu aliyesomea mambo hayo mpaka nywele zikamkimbia, ndiye aliyelifungua fumbo. Alisema baiskeli iliyokwisha kutumika imekwisha kuwa chombo cha barabarani, na kitu hakiwezi kuwa tena kile ambacho kimekwisha kuwa. Kwa hiyo imestaafu. Na mstaafu anakaa wapi? Nyumbani. Wajumbe walipiga makofi mpaka mifupa ya kuku ikacheza kwenye sahani. Redio ikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo baiskeli zote zilizotumika zimepewa heshima ya kuwa vyombo vya nyumbani, pamoja na masufuria na makochi.

Hazikupita siku nyingi, Afisa Vyombo wa mtaa akaja mwenyewe. Aliitwa Hemedi Kisuli, kijana mwenye adabu nyingi na tai fupi. Alisimama mlangoni akabisha hodi, akangoja karibu, akavua viatu, akamwamkia Mwanaheri shikamoo, akamwamkia Shaibu shikamoo, akakaa kitini magoti yakiwa pamoja. Hata mtu ukitaka kumchukia hukupata pa kushika.

"Baiskeli yenu inalala wapi, mama?"

"Bandani, na mbuzi."

Kisuli alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi hiyo ni chombo cha mbuzi, mama yangu. Sisi tunakatia bima vya nyumbani."

Mwanaheri akaenda bandani, akaisukuma baiskeli mpaka sebuleni, akaiegemeza chini ya picha ya Mlinzi Mkuu. Kisuli akaizunguka kama anayekagua mahari.

"Na humu ndani inafanya kazi gani?"

"Inampeleka mume wangu hospitali kila—"

Shaibu akakohoa, na safari hii hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. "Tunatundikia nguo," alisema. "Kanzu yangu hukaa pale, kofia kwenye usukani. Na nikichoka, nakalia."

Uso wa Kisuli ukanawiri. "Kumbe ni kabati, tena ni kiti! Wananchi wangekuwa kama wewe mzee, kazi yetu ingekuwa nyepesi." Akaeleza kwa furaha kwamba tangu sasa baiskeli imelindwa dhidi ya wizi, moto, mafuriko, radi, nyuki, na wageni wenye mikono mibovu.

"Na ikitoka nje?" Mwanaheri akauliza.

"Ikivuka mlango si ya nyumbani tena. Wala si ya barabarani, maana imestaafu. Kwa hiyo inakuwa haipo, na askari wataiondoa."

"Sasa imelindwa dhidi ya nini, mwanangu?"

"Dhidi ya kila kitu, mama," Kisuli akasema kwa upole, "isipokuwa kuendeshwa."

Akashukuru kwa maji ya kunywa, akavaa viatu, akaaga. Mwanaheri alibaki amesimama, anaitazama baiskeli na ile kanzu waliyoitundika haraka haraka. Ilionekana kama mtu aliyekuja kuzungumza habari za msiba akakosa pa kuanzia.

Alhamisi ikafika. Mwanaheri hakuwa mtu wa kukaa akalia. Alimwita jirani yao Ngosha, fundi seremala, mwenye mabega mapana na maneno machache, wakamlaza Shaibu kitandani wakakibeba kitanda. Hawakufika hata kona. Koplo Dunda, askari wa kizuizi cha mtaa, aliwarudisha: kitanda ni chombo cha nyumbani. Wakachukua toroli la Bi Siwema, jirani wa pili, mwanamke mwenye ulimi usiokwenda likizo. Dunda akauliza toroli hilo huwa linakaa wapi. Bi Siwema, kwa kutojua kusema uongo akiwa na hasira, akajibu linakaa jikoni, unataka likae kwa mama yako? Wakarudishwa. Mwisho Ngosha akambeba Shaibu mgongoni, lakini kifua kilipobanwa na mgongo wa fundi, pumzi ikakatika kabisa, macho yakamtoka Shaibu, ikabidi wamlaze chini kivulini wampepee. Wakarudi nyumbani bila sindano.

Usiku na mchana uliofuata Mwanaheri alikaa na ile sauti ya uji kwenye mrija. Shaibu hakumkaripia hata mara moja. Hilo ndilo lililomtia hofu. Alimpikia mchuzi akaunyima chumvi makusudi, apate kusikia maneno, naye akaula kimya akasema ahsante. Mwanaheri akaenda nyuma ya nyumba akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Alipomaliza kulia alivaa baibui, akaenda moja kwa moja Shirika la Bima.

Mkurugenzi alimpokea ofisini, nyuma ya meza kubwa kiasi kwamba sauti yake ilichelewa kidogo kufika. "Mama," alisema, "wewe unalia, na sisi tunafarijika, kwa sababu unalia ukiwa na bima. Kuna nchi ambako wake wanalia bila bima yoyote. Hebu wafikirie."

"Mimi namfikiria mume wangu. Niruhusu nitoke na baiskeli siku moja tu kwa wiki."

"Ningekuruhusu, kisha iibiwe. Ungerudi hapa kunililia tena. Mimi ndiye ninayekuokoa na machozi hayo ya pili." Akaegemea kiti. "Sheria imekulinda mpaka mlangoni. Ndani ya nyumba hakuna wa kukugusa. Hata askari hawezi kuingia kwako bila hodi. Unajua hilo?"

"Kila mtu anajua."

"Anajua, lakini hajui limetoka wapi." Akasimama, maana maneno ya Mlinzi Mkuu hayasemwi mtu akiwa amekaa, naye Mwanaheri akasimama. Mkurugenzi akayasoma kwa kichwa: "Nyumba si tofali, wananchi wangu, nyumba si bati. Nyumba ni mlango, na mtu mwenye adabu anayebisha hodi kabla hajaingia." Haya Mlinzi Mkuu aliyasema mwaka ule watu walipolalamika kwamba mabanda waliyojengewa hayakuwa nyumba. Waliletewa milango, malalamiko yakaisha, na maneno yale yakawa sheria kama yalivyotamkwa.

Mwanaheri alimshukuru Mkurugenzi kwa heshima zote. Alirudi akitembea polepole, halafu haraka, na alipofika kwa Ngosha alikuwa karibu kukimbia.

"Fundi," alimwambia, "ung'oe mlango wangu. Pamoja na fremu."

Ngosha akaenda kuchukua nyundo.

Hivi ndivyo nyumba ilivyotoka ikaenda hospitali. Mbele alikwenda Ngosha na mwanamume mwingine, wamebeba mlango uliosimama ndani ya fremu yake, umefungwa kwa komeo. Ubavuni na nyuma walikwenda wanawake wa mtaa wakishika khanga zilizounganishwa ncha kwa ncha, ndizo kuta. Ndani ya kuta palikuwa na picha ya Mlinzi Mkuu, aliyeishika Bi Siwema, na baiskeli ikiwa na kanzu yake begani, na juu ya karia Shaibu, na kwenye pedali Mwanaheri. Walikwenda mwendo wa harusi. Watoto wa mtaa waliwakimbilia kuwatazama, mama zao wakawaita ndani.

Kizuizini Koplo Dunda akasimama mbele ya mlango. Alikuwa na bunduki, alikuwa na filimbi, lakini kabla ya vyote hivyo alikuwa na mama aliyemlea. Mkono wake ulibisha wenyewe.

"Hodi," akasema.

Ndani kimya. Mwanaheri alijiziba mdomo kwa mtandio. Shaibu alijitahidi kuvuta hewa bila kelele, na hilo lilikuwa likimchoma kifua.

"Hodi humu ndani."

Kimya.

"Hodi," akasema Dunda kwa mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeanza kuona haya.

Na mnajua wenyewe. Mtu akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, huyo anageuka anakwenda zake. Ukiendelea kubisha unataka nini, kuwakuta watu uchi? Dunda alirudi nyuma, akapiga saluti kwa mlango, akaenda kusimama kivulini akiwa amewapa mgongo. Nyumba ikaondoka. Darajani palikuwa na askari wengine, na mambo yakawa yaleyale. Hospitalini nesi alibisha hodi, na yeye peke yake ndiye aliyeitikiwa karibu.

Jioni ile Shaibu alidai chumvi. Mwanaheri alimwambia chumvi imekwisha, akamwacha agombe, akakaa jikoni akimsikiliza huku akitabasamu peke yake.

Jambo zuri halifichiki Tulizana, hasa likiwa linapita barabarani. Wiki iliyofuata nyumba zilikuwa kumi na kitu. Muuza maziwa alijibebea mlango wa kabati, akawa anaendesha kwa mkono mmoja. Walimu walikwenda shule ndani ya nyumba moja ndefu ya mashuka. Ikafika mahali mji mzima ukawa milango inayopishana, na askari wakizunguka huku na huko wanasema hodi, hodi, hodi, wanapiga saluti, vidole vimewavimba. Waziri wa Makazi alizihesabu kwa darubini akiwa ghorofani, akatangaza kwamba serikali imejenga nyumba nyingi katika mwezi mmoja kuliko wakoloni katika maisha yao yote, tena nyumba zenyewe zinajileta mjini. Alivishwa nishani.

Ila Shirika la Bima halikucheka. Mkurugenzi alikwenda kupiga magoti kwa Mlinzi Mkuu, akamweleza kwamba vyombo vya nyumbani vimeonekana sokoni. Mlinzi Mkuu alikasirika, lakini si kwa sababu ya vyombo. Kilichomuumiza ni jingine. "Yaani askari wangu anabisha hodi, mtu yumo ndani, na haitiki?" Akaomba aachwe peke yake. Kesho yake redio ikatangaza Sheria ya Ukarimu: hodi ya serikali ikibishwa ni lazima iitikiwe karibu, na aliyekaribishwa akaribishwe kweli, apewe kiti, apewe chai, wala asiharakishwe. Redio ikaongeza kwamba hii si sheria mpya, ni mila zetu wenyewe, serikali imezikumbuka tu.

Mwanaheri aliizima redio. Angekuwa ameambiwa asiende, angejua la kufanya. Ila ameambiwa aende, na awakaribishe wageni.

"Tusipokwenda je?" Shaibu akamuuliza. Ilikuwa Alhamisi, naye alikuwa amekwisha kuanza kuvuta kwa shida, maana Alhamisi iliyopita hospitali ilikuwa haina dawa.

"Tutakwenda. Nitabeba chai tayari. Wanywe wamalize."

Alijaza chupa kubwa ya chai, akafunga maandazi kwenye kitambaa, akavaa khanga mpya. Ngosha akanyanyua mlango. Wanawake wakanyanyua kuta.

Kizuizini Dunda akabisha. "Karibu," Mwanaheri akasema. Dunda akaingia, akavua kofia. Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja tu, ile karia yenye mto, na Shaibu alijua adabu zake. Aliteremka mwenyewe bila kuambiwa, akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu. Dunda alikaa. Alikula andazi moja kwa aibu, akanywa chai ikimuunguza, akaaga upesi. Alikuwa na roho ya kibinadamu yule, sitaki kumsingizia.

Darajani haikuwa hivyo. Pale alikuwapo Hemedi Kisuli mwenyewe, aliyekwisha kupandishwa cheo, na Kamanda wa Daraja, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Waliingia wote wawili. Kamanda akakalia karia, Kisuli akapewa tandiko la mbele. Shaibu chini.

"Habari za hapa nyumbani, mama?" Kisuli akaanza.

"Njema," Mwanaheri akasema.

"Za tangu siku ile?"

"Njema tu, baba."

"Na mzee wetu hajambo?"

Mwanaheri alimtazama mumewe. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alitaka kusema. Mungu ni shahidi, alitaka kusema, lakini tangu alipojua kuzungumza alikuwa akiulizwa habari akijibu njema. Aliulizwa siku aliyozika mama yake akajibu njema. Maneno yalitoka yenyewe kabla hajayazuia. "Hajambo, tunamshukuru Mungu."

"Mshukuruni sana," Kamanda akasema, akapokea kikombe cha pili. "Kama mgonjwa hajambo, basi hatuna haraka."

Wakakaa. Kamanda alizungumzia mvua. Akaisifu nyumba, akasema ina hewa. Kisuli akaeleza jinsi bima ilivyopunguza wizi wa baiskeli, maana baiskeli zote ziko ndani. Nje ya khanga mikono ya wanawake ilikuwa ikitetemeka kwa kuchoka, na kuta zikatetemeka nayo. Ng'ambo ya daraja paa la hospitali lilionekana juu ya ukuta wa khanga, karibu kiasi kwamba ungeweza kumwita mtu akasikia. Mwanaheri alimimina chai, akamimina tena, akiomba chupa iishe. Alipoinama alimnong'oneza Shaibu, "Vumilia, wanamaliza."

Shaibu aliitikia kwa kichwa. Kisha akamgeukia Kamanda, akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo, yule aliyewahi kuishika sauti moja mpaka watu wakamhofia.

"Sukari," alisema, "imetosha?"

"Imetosha kabisa, mzee," Kamanda akasema. "Mikono ya mkeo haina kasoro."

Shaibu akatabasamu kwa adabu, akaegemeza kichwa kwenye gurudumu.

Wageni wakamaliza andazi la mwisho. Wakapangusa mikono, wakasimama, wakasema chakula kimewakaa. Kisuli akainama kumpa Shaibu mkono wa kwaheri. "Haya mzee, tunashukuru. Tunakuacheni." Shaibu hakujibu. Kisuli akangoja kidogo, akasema kwa sauti ileile ya upole, kama anayemkumbusha mtoto, "Mzee, serikali inakuaga."

Mwanaheri alipiga magoti akamshika mumewe kifua, mahali pale alipozoea kumpaka mafuta. Hakukuwa na sauti yoyote mle, si ya mrija wala ya nini.

"Mama?" Kisuli akasema. "Habari za mzee?"

Ilimjia ile njema mpaka kwenye ulimi. Akaimeza.

"Mbaya," alisema.

Kisuli alisubiri iliyobaki, kama mtu anavyosubiri mwenzake amalize kupiga chafya. "Samahani, mama. Nimeuliza habari."

"Na mimi nimekujibu. Mbaya. Ya mzee mbaya, ya nyumbani mbaya, ya tangu siku ile mbaya."

Katika Tulizana yote hapakuwa na mtu aliyewahi kufundishwa la kusema baada ya hapo. Bi Siwema ndiye aliyeachia kwanza. Ncha ya khanga yake ikaanguka, kisha ya mwenzake, kuta zikashuka moja moja mpaka pakabaki barabara, daraja, na baiskeli yenye kanzu imesimama nje kweupe.

"Baiskeli iko nje," Kamanda akasema, akishukuru kupata neno analolijua.

"Iko nje," Mwanaheri akasema. "Iondoeni."

Ngosha aliutoa mlango kwenye fremu, akaulaza barabarani, akapangusa vumbi kwa kiganja. Walimlaza Shaibu juu yake, Mwanaheri akamfunika kwa kanzu yake mwenyewe, wakanyanyua pembe nne wakageuka kurudi mtaani. Kisuli aliwafuata hatua chache, maana mlango ulikuwa chombo cha nyumbani na ulikuwa njiani. Aliinua mkono, kidole kimekunjwa, tayari kubisha. Lakini palikuwa na mtu juu ya ule mlango, na mkono wa afisa ukabaki hewani.